Jina Moja, Vitu Viwili: Vidhibiti Volteji vya Bodi za Mwigo katika Redio ya Ridhaa

Utangulizi

Wanaisimu hawachoki kuwakumbusha wanafunzi wao kwamba uhusiano kati ya neno na kitu ni wa nasibu. Hakuna kilichomo ndani ya mti kinachoulazimisha kuitwa mti. Katika darasa la semantiki kauli hii ni ya amani kabisa na haijapata kumtia mtu hasara. Upo uwanja mmoja, hata hivyo, ambamo pengo baina ya jina na kitu huunguza vifaa, hunyamazisha redio, na mara nyingine humfanya mtu aamini kuwa anasikika ilhali hasikiki na yeyote. Uwanja huo ni ule wa wanaredio wa ridhaa wanaounda mitambo yao kwa bodi za bei nafuu zenye mikrokontrola. Jina lenyewe ni lile lililochapishwa juu ya kijipande cheusi, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kiitwacho kidhibiti volteji.

Makala haya yananuia kueleza kijipande hicho hufanya nini, kwa nini hakitegemeki katika bodi nyingi za mwigo, na kwa nini wanaredio wa ridhaa huumia kuliko watumiaji wengine wa bodi hizo hizo. Msomaji hahitaji kuwa fundi wa umeme. Atakachohitaji ni hesabu ya kutoa na kuzidisha, pamoja na subira kidogo ya istilahi.

Ridhaa, na bodi iliyotoka Ivrea

Istilahi "redio ya ridhaa" inahitaji kufafanuliwa. Kiswahili cha michezo kimekwisha kuzoea kutenganisha ndondi za kulipwa na ndondi za ridhaa, na tofauti iyo hiyo ndiyo inayokusudiwa hapa. Mwanaredio wa ridhaa hupewa leseni na ishara ya mwito, kisha huruhusiwa kurusha mawimbi katika masafa yaliyotengwa, bila malipo na bila biashara. Ishara za mwito za Kenya huanza na 5Z, za Tanzania 5H na za Uganda 5X. Leseni ya Kenya hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Tangu mwanzo wa karne ya 20, wanaredio hawa wamekuwa na desturi ya kuunda vyombo vyao kwa mikono yao. Katika miaka ya 2010 desturi hiyo ilipata nguvu mpya kutokana na bodi ndogo zenye mikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyofinyangwa ndani ya chipu moja. Mhandisi wa Kihindi, Ashhar Farhan, aliyekuwa amejulikana tayari kwa mchoro wa redio rahisi iitwayo BITX, alitoa BITX40 mwaka wa 2016 na µBITX mwishoni mwa mwaka wa 2017. Ndani ya redio hizo mlikuwa na bodi ya aina ya Arduino Nano iliyoiamrisha chipu iitwayo Si5351 izalishe masafa yanayotakiwa. Bodi za aina hiyo hutumiwa pia kutuma alama za Morse, kubadilisha antena, na kuendesha vinara vya WSPR, ambavyo vitajadiliwa baadaye.

Jina Arduino lina historia inayostahili kusimuliwa. Mradi ulianza mwaka wa 2005 katika mji wa Ivrea, kaskazini mwa Italia, katika taasisi iliyofundisha usanifu wa vitu vinavyoingiliana na watu. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Massimo Banzi. Kazi yao ilijengwa juu ya mradi wa Wiring ulioanzishwa na mwanafunzi wa taasisi hiyo hiyo kutoka Kolombia, Hernando Barragán, mwaka wa 2003. Jina walilitoa katika baa walikozoea kukutana, nayo baa ilikuwa imeitwa kwa heshima ya Arduino, mtawala wa Ivrea aliyetawazwa kuwa mfalme wa Italia mwaka wa 1002. Jina la mfalme likawa la baa, la baa likawa la bodi, na leo katika maduka ya vifaa vya elektroniki jijini Nairobi bodi yoyote ya aina hiyo huitwa Arduino, kama vile dawa yoyote ya meno inavyoitwa Kologeti.

Jambo la kuzingatia ni kwamba waanzilishi hao walitoa michoro ya bodi zao hadharani, chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuiiga mradi awataje na aendelee kuiacha wazi. Walichohifadhi ni jina. Basi kiwanda cha Shenzhen kinachotengeneza bodi kama ile na kuiuza kwa jina lake chenyewe hakijaiba kitu. Kimetengeneza mwigo halali. Kiwanda kinachochapa jina na nembo ya Arduino juu ya bodi yake kimeghushi. Mazungumzo ya sokoni huvitia vyote viwili katika kapu moja la "feki", na hapo ndipo mjadala mzima unapopotoka. Kosa linalozungumziwa katika makala haya halipo katika kuiga. Lipo katika kuiga mchoro na maelezo yake kikamilifu, kisha kubadilisha kijenzi kimoja kimyakimya.

Kidhibiti hufanya nini

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, karibu na friji au televisheni, hukaa kisanduku kiitwacho stabilaiza. Kazi yake inaeleweka: umeme wa gridi ukipanda au kushuka, chombo kilichochomekwa kwake kisidhurike. Kidhibiti volteji cha bodi ni ndugu yake mdogo. Mikrokontrola ya bodi hizi, ATmega328P, hufanya kazi kwa volti 5, na mtengenezaji wake anaonya kwamba volti 6 ndio mwisho wa uhai wake. Betri na vyanzo vingine vya umeme hutoa volti 9, 12 au zaidi. Lazima kiwepo kitu cha kusimama katikati.

Tofauti na stabilaiza ya nyumbani, kidhibiti hiki hakina njia ya kubadilisha umeme uliozidi uwe kitu cha manufaa. Hukitupa kilichozidi kwa njia moja tu: joto. Mkondo wote unaotumiwa na bodi hupita ndani yake, na kila volti inayopunguzwa huzidishwa kwa mkondo huo ili kupata wati za joto. Bodi ikipewa volti 9 na kutumia miliampea 50, kidhibiti hupunguza volti 4, na joto lake ni wati 0.2. Hilo si kitu. Mtu akikigusa hatahisi neno. Mwanafunzi anayewasha taa tatu ndogo darasani kwa umeme wa kompyuta hata hakitumii kidhibiti hicho, kwa sababu waya wa USB huleta volti 5 moja kwa moja. Ndiyo sababu mamilioni ya bodi za mwigo hufanya kazi kwa miaka bila kasoro, na ndiyo sababu mwuzaji anaweza kuapa kwa dhati kwamba hajawahi kuletewa lalamiko.

Maelezo yanarithiwa, kijenzi kinabadilishwa

Bodi asili ya Arduino Nano ilitumia kidhibiti cha aina ya 78M05. Kijenzi hiki ni cha kizazi cha zamani: kinahitaji volti 2 za ziada ili kifanye kazi, lakini kinastahimili volti 35 mlangoni kabla ya kuharibika. Bodi ya Arduino Uno, toleo la tatu, ilitumia NCP1117, ambacho mpaka wake ni volti 20. Katika bodi nyingi za mwigo, ziwe za umbo la Nano au la Uno, mahali pa hivyo viwili hukaa AMS1117. Hicho hakihitaji ziada kubwa na ni rahisi mno kwa bei. Ila mpaka wake ni volti 15.

Wakati huo huo, maelezo yanayoandamana na bodi za mwigo aghalabu hunakiliwa neno kwa neno kutoka katika maelezo ya bodi asili. Humo huandikwa kwamba volteji inayopendekezwa ni 7 hadi 12, na mipaka ni 6 hadi 20. Sentensi hiyo ilikuwa kweli kuhusu kitu kingine. Imehamishiwa kwenye bodi ambamo volti 20 ni hukumu ya kifo, na aliyeihamisha hakusema uongo wowote mpya; alinukuu tu. Mtu aliyezoea kushughulikia miswada atalitambua tatizo hili mara moja, kwani ndilo la mnakili anayeendelea kunakili ufafanuzi wa pambizoni baada ya matini yenyewe kubadilika.

Isitoshe, jina AMS1117 lenyewe limeacha zamani kuwa la mtu mmoja. Lilianza kama jina la kijenzi cha kampuni ya Advanced Monolithic Systems ya Kalifonia. Leo viwanda vingi hutoa kidhibiti chenye namba 1117 ndani ya jina lake, vingine vikiwa na waraka wao wa vipimo na sifa nzuri tu, vingine vikichapa herufi zile zile bila kuwajibika kwa chochote. Kwa macho havitofautiki. Vinaweza kutofautiana kwa ukubwa wa kipande cha silikoni kilichomo ndani, na kipande kidogo huwaka moto upesi.

Suala la kuchapa jina lisilo lako liliwahi kuzusha kizaazaa katika chipu nyingine ya bodi hizi. Mwaka wa 2014 kampuni ya FTDI ya Uskochi, inayotengeneza chipu za kuunganisha vifaa na kompyuta kwa USB, ilisambaza programu iliyozitambua chipu zilizoghushiwa kwa jina lake na kuzifuta namba ya utambulisho, zisitambuliwe tena na kompyuta. Walioumia ni wanunuzi, ambao wengi wao hawakujua kuwa walikuwa na kitu cha kughushi. Kelele zilipozidi, programu hiyo iliondolewa. Bodi nyingi za mwigo sasa hutumia CH340, chipu ya Kichina yenye jina lake halali, na pengine huo ndio uaminifu mkubwa kuliko wote ulioingia katika biashara hii. Kwa bahati mbaya vidhibiti havijapata mageuzi kama hayo. Namba 1117 inaendelea kuchapwa na kila mwenye mashine ya kuchapa.

Volti 13.8

Sasa yaeleweke kwa nini mwanaredio ndiye anayenaswa. Vyombo vya redio ya ridhaa vimejengwa juu ya kiwango kimoja kilichorithiwa kutoka katika gari: volti 13.8. Betri ya gari huitwa ya volti 12, lakini injini inapoichaji hufikia 13.8 na hata 14.4. Redio nyingi za kibiashara huruhusu asilimia 15 juu au chini ya 13.8, yaani kutoka volti 11.7 hadi karibu 15.9. Chombo kilichotengenezwa nyumbani huunganishwa kwenye waya huo huo, na mwundaji, akiwa amesoma kwamba bodi inakubali hadi volti 20, haoni sababu ya kusita.

Hesabu ifuatayo ni ya kinara cha WSPR, chombo kinachopendwa sana na wanaoanza. Kina bodi ya Nano, chipu ya Si5351, kipokezi cha GPS cha kuweka saa sawasawa, na kioo cha maandishi chenye taa ya nyuma. Kwa kukadiria, bodi hutumia miliampea 20, Si5351 30, GPS 45 na kioo 25. Jumla ni miliampea 120. Kidhibiti hupunguza volti 13.8 hadi 5, yaani volti 8.8. Ukizidisha 8.8 kwa 0.12 unapata wati 1.06 za joto. Waraka wa AMS1117 unasema kwamba kijipande hicho, kikiwa hakina shaba ya kutosha ya kukipoza, hupanda nyuzi 90 kwa kila wati. Hivyo basi joto la ndani litapanda nyuzi 95 juu ya lile la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 28 sentigredi, ndani ya kidhibiti mna nyuzi 123. Kikomo chake ni 125.

Yaani kinara kisicho na kasoro yoyote, kilichoundwa na mtu makini, kinakaa nyuzi 2 kutoka ukingoni, mchana na usiku. Kikiwekwa ndani ya kisanduku cha plastiki kilichofungwa juu ya paa la mabati, ukingo umevukwa. Akiongeza relei moja ya volti 5 kwa ajili ya kubadilisha antena, ambayo hutumia miliampea 70 hivi, joto linaruka kupita nyuzi 170. Hapo kidhibiti kizima, kama ni cha kweli, hujizima chenyewe, hupoa, na kuwaka tena. Bodi huanza programu upya kila baada ya muda mfupi, na mwenyewe hulaumu programu. Kidhibiti kisicho na kinga hiyo hakijizimi.

Pana jambo jingine dogo lililojificha katika mchoro. Kidhibiti cha 78M05 kina bapa la chuma lililounganishwa na upande wa hasi wa saketi, na upande wa hasi katika bodi yoyote ndio wenye shaba nyingi kuliko pande zote. Joto lilikuwa na uwanja mpana wa kusambaa. Bapa la AMS1117 limeunganishwa na mkondo unaotoka wa volti 5, ambao shaba yake ni chache. Aliyebadilisha kijenzi alilazimika kubadilisha mistari ili miguu ilingane, na kwa kufanya hivyo alipunguza eneo la kupozea pia. Kwa shaba ya kutosha waraka ule ule unasema joto hupungua hadi nyuzi 46 kwa wati, yaani karibu nusu.

Namna tatu za kushindwa

Namna ya kwanza ni ya ghafla. Waya mrefu una hulka ya kupinga mabadiliko ya mkondo. Kapasita ya kauri iliyo tupu, kwa upande wake, huvuta mkondo kwa pupa. Mtu anapochomeka waya wa volti 13.8 uliokwisha kuwa na umeme, hulka hizo mbili zinapambana, na volteji mlangoni mwa bodi huruka juu kabla ya kutulia. Kilele chake kinaweza kukaribia maradufu ya chanzo, yaani volti 27. Huchukua muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, na mita ya kawaida haioni kitu. Kidhibiti cha volti 35 kinacheka. Cha volti 15 kinatoboka.

Kikitoboka, mara nyingi hakikatizi umeme bali huacha mlango wazi. Volti 13.8 huingia palipostahili 5. Mikrokontrola hufa, kioo hufa, na kidhibiti kidogo chenye alama 662K kinachopatikana katika bodi nyingi za bei nafuu za Si5351, ambacho hakikuundwa kupokea zaidi ya volti 6, hufa na kuifungulia njia Si5351 yenyewe, inayoishia volti 3.8. Kijipande cha bei ya andazi kimefagia meza nzima.

Namna ya pili ni ya kelele. Waraka wa AMS1117 unataka kapasita ya tantali ya mikrofaradi 22 upande wa kutokea ili kidhibiti kitulie katika hali zote. Tantali ni ghali kuliko kauri, kwa hiyo bodi nyingi za mwigo huwekewa kauri, tena ndogo. Kidhibiti cha aina hii kinahitaji kapasita yenye ukinzani kidogo wa ndani, sifa ambayo kauri haina. Kikiikosa kinaweza kuanza kuyumba maelfu ya mara kwa sekunde. Anayewasha taa hatajua. Anayesikiliza sauti hafifu kutoka bara jingine atasikia mvumo usiokuwepo jana, atahangaika na antena, atawashuku majirani, na huenda asiishuku kamwe bodi iliyo kandokando ya mkono wake.

Namna ya tatu ndiyo yenye hila. WSPR ilibuniwa na Joe Taylor, mwanafizikia aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1993, naye aliitoa mwaka wa 2008. Ni mfumo unaomwezesha mtu kutuma ishara yake ya mwito, mahali alipo na nguvu anayotumia kwa chini ya wati moja, na kupokewa maelfu ya kilomita kutoka hapo. Kila ujumbe huchukua karibu sekunde 111 na hujaza hezi 6 tu za masafa. Ustadi wake wote unategemea utulivu. Sasa kidhibiti chenye nyuzi 120 kikiwa sentimita chache kutoka kwenye fuwele inayoongoza masafa ya Si5351, fuwele hupashwa joto. Masafa husogea. Kusogea kwa hezi chache ndani ya dakika mbili kunatosha kuufanya ujumbe usisomeke. Taa zote zinawaka, kioo kinaonyesha saa sahihi, mita inaonyesha volti 5 kamili, na hakuna kituo hata kimoja duniani kinachoripoti kuwa kimesikia. Kwa mtu aliyeunda chombo chake cha kwanza, ukimya huo ni mzito kuliko moshi, maana moshi angalau hueleza palipoungua.

Tiba

Tiba inayopendekezwa upesi ni kutumia moduli ya kupunguza volti kwa kukatakata umeme, kama zile zenye chipu ya LM2596. Moduli hizo hazitoi joto jingi, na kwa mtambo usiokuwa wa redio ni jibu zuri. Kwa mwanaredio ni kumkimbia fisi na kuingia pangoni mwa chui. LM2596 hukatakata mara 150,000 kwa sekunde, na kila mzidisho wa namba hiyo ni kelele inayoweza kusikika. Mzidisho wa 47 unaangukia kilohezi 7,050, katikati ya masafa ya mita 40 yanayopendwa kuliko mengi. Fauka ya hayo, LM2596 nayo hughushiwa sana. Zipo zinazopimwa zikikatakata kwa kasi ya kilohezi 50 hivi, jambo linalofichua mara moja kwamba chipu si ile iliyotajwa.

Njia ya pili ni kukiacha kidhibiti cha bodi bila kazi. Mwundaji hununua 7805 ya umbo kubwa, yenye tundu la skrubu, huifunga kwenye ukuta wa kisanduku cha chuma, na kuipeleka volti 5 yake katika mguu wa bodi ulioandikwa 5V. Bapa la 7805 ni la upande wa hasi, kwa hiyo haihitaji hata kukingwa isiguse chuma. Kisanduku chote huwa kipozeo. Mpaka wake ni volti 35. Hii ndiyo njia bora, na haina la kujadiliwa sana.

Njia ya tatu ni ya wasiotaka kufungua upya walichokwisha kufunga, na inashangaza kwa unyenyekevu wake. Ni kikinza kimoja, yaani kile kijipande chenye mistari ya rangi, cha omu 33 na uwezo wa wati 1, kikiwekwa katika waya unaoingia. Kwa miliampea 120 kikinza hupunguza karibu volti 4 na kuchukua karibu nusu wati ya joto, joto ambalo lingekuwa la kidhibiti. Bodi sasa hupokea volti 9.8. Kidhibiti kinabaki na wati 0.58, kinapanda nyuzi 52, na katika chumba kile kile cha nyuzi 28 kinatulia kwenye nyuzi 80. Hata betri ikishuka hadi volti 11.7, bodi bado hupata volti 7.7, nacho kidhibiti hutosheka na 6.3. Zaidi ya hayo kikinza hicho hupunguza ule mruko wa volteji wakati wa kuchomeka, kwa sababu kapasita haiwezi tena kuvuta kwa pupa. Atakayeongeza relei itambidi apige hesabu upya, au aiwashe relei kwa umeme wa volti 12 bila kuupitisha katika kidhibiti.

Fyuzi ndogo ya miliampea 500 ikifuatwa na daiodi ya Zener ya volti 5.6 yenye nguvu ya kutosha kwenye mstari wa volti 5 haizuii kidhibiti kufa, lakini huweza kukizuia kisife na wenzake. Huwekwa na wachache.

Kupima kabla ya kuamini

Hakuna jicho linaloweza kuisoma herufi iliyochapwa na kujua kama ni ya kweli, lakini kijenzi kinaweza kuhojiwa kwa kazi. Bodi mpya, kabla ya kuunganishwa na chochote cha thamani, huwekewa kikinza cha omu 47 chenye uwezo wa wati 1 kati ya mguu wa 5V na ule wa hasi. Hapo hutolewa miliampea 106, mbali na zile zinazotumiwa na bodi yenyewe. Chanzo cha umeme huanzia volti 9, na mita huangaliwa. Kidhibiti kizuri hukaa kati ya volti 4.9 na 5.1. Chanzo hupandishwa polepole hadi 12, kisha hadi 13.8 iwapo ndiko bodi itakakotumika, na huachwa kwa nusu saa. Volteji ikianza kuteleza chini, au bodi ikiwaka na kuzima, kidhibiti kimejibu swali. Redio ndogo iliyowashwa kando yake, ikisogezwa kutoka masafa hadi masafa, itaeleza kama kuna mvumo. Kidole kisitumike kupima joto. Nyuzi 100 hubabua kabla ya mtu kufikiri.

Zoezi hili huchukua chini ya saa moja, na katika bodi kumi zilizonunuliwa pamoja si ajabu mbili au tatu kutofautiana na nyingine, maana hata shehena moja huweza kukusanywa kutoka viwanda mbalimbali. Baadhi ya waundaji wana desturi ya kuiandika bodi iliyofaulu kwa kalamu ya wino usiofutika, upande wa nyuma usio na vijenzi: tarehe, volti iliyopimwa, na miliampea ilizostahimili.